Kila Ulichowahi Kuandika

Perley Falls, Vermont
9 Machi 1996

Mdogo wangu Rosalind,

Hapa mjini sasa hakuna anayejua akuite nani. Beulah wa dukani anakuita "yule wa Rais". Habari ya kuteuliwa kwako kuwa jaji katika mahakama ya juu kabisa ya nchi ilisomwa redioni nikiwa nimelala chali chini ya mashine ya kukamulia ya akina Pruitt, ng'ombe mmoja akinitazama kama mtu mwenye swali. Niliinuka bila kufikiri nikagonga kichwa kwenye bomba. Kwa hiyo ukisikia kaka yako alilia kwa furaha, jua nusu ya machozi ilikuwa ya bomba.

Nimefanya ulivyoniagiza. Uliniambia fomu ya kamati ya Seneti inataka kila ulichowahi kuandika: hukumu, makala, hotuba, barua za gazetini, hata maneno uliyosema kwenye mahafali. Nimepanda darini na miaka hamsini na moja, nimeshuka na miaka sabini. Kwenye boksi utakuta insha yako kuhusu maziwa iliyopata zawadi ya pili (nakumbuka ulivyonuna), hotuba ya kumaliza shule iliyomlaza baba usingizi, na shairi la ndama aliyekufa. Shairi nakushauri usilitume. Si kwa sababu za kisheria.

Mkutano wa mji ulikuwa Jumanne. Niliuendesha kama kawaida, mwaka wa kumi na nane huu, na kama kawaida tulibishana saa nzima juu ya greda, kisha tukapitisha bajeti ya shule kwa dakika nne kwa sababu maharage ya mchana yalikuwa yameiva. Karibu na mwisho mzee Amos Kittredge akasimama, akasema kwa kuwa dada wa mwendesha mkutano anakwenda kuhojiwa Washington, basi mwendesha mkutano atusomee ile barua. Unaijua. Ile ya mwaka 1971, iliyotundikwa dukani kwa Beulah ndani ya fremu, tuliyoipeleka gazetini baada ya jaji kubatilisha kura yetu ya kukizuia kiwanda cha ngozi kumwaga uchafu katika bwawa la Shadrack. Nikaisoma: "Mikono mia mbili na kumi iliinuliwa ukumbini. Mmoja tu, wa mtu tusiyemchagua, umeishusha yote." Wazee wakapiga miguu sakafuni. Robo karne, na bado wananiambia, Clovis, ulitusemea. Mimi huinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Asili ya unyenyekevu huo unaijua wewe peke yako.

Siku yako nitakaa nyuma yako, kama desturi yao inavyotaka ndugu wa mteule waonekane. Nimenunua tai. Beulah anasema inanifanya nifanane na mtu anayekwenda kushtakiwa.

Kaka yako,
Clovis


Washington
17 Machi 1996

Kaka Clovis,

Boksi limefika. Baba hakulala, alifumba macho ili asikilize vizuri. Shikilia hapohapo.

Watu wa Rais wamenipa chumba kisicho na dirisha na mawakili saba. Kila mmoja anaigiza seneta fulani, na kazi yake ni kunitukana kwa heshima. Mkuu wao anaitwa Prescott Ames, mtu mpole anayefuta majibu yangu kama mwalimu anavyofuta ubao. Msemo wake ni kwamba mteule anayejibu ni mteule anayeanguka. Nikiulizwa kama mahakama ina haki ya kubatilisha sheria ambayo wananchi wenyewe wameipitisha kwa kura, niseme: "Mheshimiwa Seneta, hilo ni swali muhimu, na kwa kuwa linaweza kuja mbele yangu, haitakuwa busara kulitolea maoni." Jana nimeyasema maneno hayo mara kumi na nne. Jioni mhudumu aliniuliza kama ninataka chai, nikakaribia kumjibu vilevile.

Nacheka, lakini nina hasira, kaka. Miaka tisa nimekaa kwenye kiti cha ujaji. Shahidi akinijibu hivi mara mbili, mara ya tatu namwonya. Sasa nafundishwa kuwa yule shahidi, na wanaonifundisha ni watu wema kabisa wanaonitakia mafanikio.

Neno zito ni hili. Kipengele cha kumi na mbili cha fomu kinataka kila nilichoandika, "kiwe kimetoka kwa jina lako au la". Barua ya 1971 niliiandika mimi, kwenye meza ya mama, wewe ukitembea huku na huku jikoni ukimtukana jaji kwa lugha mbili. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sheria, nimejiandikisha kupiga kura Boston, kwa hiyo wewe ndiye uliyetia saini. Nataka niiorodheshe.

Ames anakataa. Anasema jina ni lako, hakuna atakayejua. Anayenisubiri ni Seneta Hollis Tarver, ambaye siasa yake yote imesimama juu ya majaji wanaofuta kura za watu, na ameshikilia ile hukumu yangu ya kufuta kura ya Tolman Corner kama mbwa na mfupa. Akijua kwamba ujanani niliandika kinyume chake, atanifanya kinyago. Lakini fomu hii naitia saini kwa kiapo. Na barua hiyo ni yako pia, kwa hiyo nakuomba ruhusa kwanza.

Rosalind


Perley Falls
22 Machi 1996

Mdogo wangu,

Usiiorodheshe.

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya heshima: watakutafuna. Watu waliomaliza wiki wakikufundisha kutosema kitu hawatakulinda ukisema. Ukitaka kumpa Tarver fimbo, basi angalau usimchongee mwenyewe.

Ya pili haina heshima hata kidogo, na naiandika upesi kabla sijabadili mawazo. Rosalind, mimi ni ile barua. Kabla yake nilikuwa Clovis anayetengeneza mashine za maziwa na kusahau vifaa vyake ghalani kwa watu. Baada yake nikawa Clovis aliyemwambia jaji ukweli. Mwaka wa sabini na nane walipotafuta mtu wa kuendesha mkutano wa mji, hawakunichagua kwa sauti yangu, maana unajua inafanana na mlango wa banda. Walichagua fremu ya Beulah. Miaka kumi na minane nimesimama pale mbele nikiwaambia watu wakae chini, na wanakaa. Nyumbani kwangu hata paka haketi nikimwambia.

Halafu niruhusu nikasirike kidogo, kwa kuwa nimeshajidhalilisha. Sijawahi kukuuliza hili. Mwaka 1971 uliandika kwamba jaji hana haki ya kushusha mikono ya watu. Mwaka 1989 watu wa Tolman Corner walipiga kura, tisini na wanne kwa ishirini, kwamba watoto wa wale wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu wasisome katika shule ya mji, kwa sababu wazazi wao hawana ardhi. Ukaja wewe na joho lako ukaifuta. Dukani walinigeukia kama vile mimi ndiye niliyevaa joho. Wewe unaamini lipi kati ya hayo mawili? Mimi kaka yako sijui, na natakiwa nikae nyuma yako nikiwa na uso wa anayejua.

Clovis


Washington
27 Machi 1996

Kaka,

Naamini yote mawili, na ndiyo maana silali vizuri.

Bwawa la Shadrack lilikuwa letu, na jaji yule alikosea. Alisoma sheria kama mtu anayesoma lebo ya chupa, na samaki wakafa. Bado ningeiandika barua ile leo, ila ningepunguza matusi uliyoyadai. Lakini Tolman Corner haikuwa bwawa. Alikuja mbele yangu mama anaitwa Arlene Bouchard, na watoto wawili wa kike. Aliwapeleka shuleni Jumatatu, mwalimu akawazuia mlangoni, akawapa karatasi ya matokeo ya kura. Mkubwa aliniuliza mahakamani, kabla wakili wake hajamnyamazisha, kama wale watu tisini na wanne wote wanamjua. Nikatazama nyuma ukumbini. Walikuwa wamejaa, watu wa kawaida, watu kama Pruitt, watu kama sisi. Nikajua kwamba kama mimi sitaishusha mikono ile, hakuna mwingine atakayeishusha.

Hilo ndilo jibu langu. Si zuri sana. Linasema kwamba watu wengi wanaweza kukosea na mtu mmoja anaweza kukosea, na kwamba nilipewa kiti ili niangalie ni nani anaumia. Nimelibeba miaka saba nikingoja mtu aliyechaguliwa aniulize. Ames amelisikiliza mpaka mwisho, akasema ni zuri sana, tusilitumie.

Fomu imeondoka leo. Barua haimo. Nimefanya ulivyotaka, na sikufanya kwa ajili yako peke yako, kwa hiyo usijibebeshe yote. Kiti hiki nakitaka. Nimekitaka tangu nilipokuwa natumwa kufuta vumbi ofisi ya wakili Colburn. Nimetia saini kwamba orodha imekamilika.

Ninakusubiri tarehe thelathini Aprili. Vaa hiyo tai.

Rosalind


Ofisi ya Seneta Hollis Tarver
11 Aprili 1996

Bwana Clovis Gagnier,

Tunakushukuru kwa ukarimu wako nilipopita Perley Falls wiki iliyopita, na kwa chupa ya sharubati ya utomvu wa miti yenu, ambayo Seneta ameifurahia kwenye chapati zake za asubuhi.

Tumepokea karatasi uliyotia saini ukithibitisha kwamba wewe ndiye mwandishi wa barua ya mwaka 1971, na kuturuhusu kuitumia. Seneta ameguswa sana. Ana nia ya kuisoma hadharani katika kikao cha kumhoji dada yako tarehe 30 Aprili, kama sauti ya mwananchi wa kawaida ambaye majaji hawamsikilizi. Tunaelewa kwamba utakuwepo. Seneta atafurahi sana.

Kwa heshima,
Dwight Pell
Msaidizi wa Seneta


Perley Falls
15 Aprili 1996

Bwana Pell,

Ulipokuja dukani uliniambia mnakusanya barua za wananchi kwa ajili ya kumbukumbu. Neno kikao hukulitaja. Ungelitaja ningelisikia, na ningekufukuza bila chupa.

Barua ile ni yangu lakini nimebadili mawazo. Naomba karatasi niliyotia saini irudishwe, na isisomwe popote. Dada yangu hana habari nayo.

Sharubati mnaweza kubaki nayo.

C. Gagnier


Perley Falls
16 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Huku hakuna jipya. Utomvu wa miti umekwisha kutiririka, tumechemsha sharubati kidogo kuliko mwaka jana. Barabara zote ni tope. Gari la posta lilikwama mbele ya kanisa na Amos akatoa maoni kutoka dirishani muda wote tulipokuwa tunalisukuma. Mgongo wangu unakusalimia.

Usihangaike na lolote. Wewe jibu tu kama walivyokufundisha. Chochote kitakachosomwa, chochote mtu atakachokuonyesha, sema lile la busara na maoni, halafu funga mdomo. Nakuomba kama kaka. Mengine tutacheka nyumbani.

Clovis


Montpelier
3 Mei 1996

Kaka Clovis,

Siku tatu nimeweka simu kando ili nisikupigie nikasema la kujutia. Kwenye karatasi nina nafasi ya kufuta. Sijafuta chochote.

Ulijua. "Chochote kitakachosomwa." Nililisoma neno hilo tarehe kumi na nane nikadhani ni wasiwasi wako wa kawaida. Tarver alipotoa karatasi akasema ameipata kwa ruhusa ya maandishi ya mwandishi mwenyewe, ambaye yupo hapa ukumbini, kamera zikapita juu ya bega langu kwenda kwako. Mimi sikuweza kugeuka. Mteule hageuki. Nilikaa nikitazama mbele huku watu nchi nzima wakiuona uso wa kaka yangu, na mimi nisiuone.

Aliisoma vizuri, lazima nikubali. Bora kuliko wewe. Halafu akauliza, "Jaji Gagnier, kaka yako ni mjinga, au ni wewe unayewadharau watu kama yeye?"

Nilikuwa na lile jibu mdomoni. Nilikwisha kulianza. Nilisema "Mheshimiwa Seneta, hilo ni swali muhimu," nikaona Ames pembeni anaitikia kwa kichwa, na sikuweza kuendelea. Nikasema, "Kaka yangu si mjinga. Barua hiyo niliiandika mimi."

Unajua kilichofuata, ulikuwa pale. Nitakwambia hata hivyo kwa sababu nataka mtu mwingine akasirike pamoja nami. Nilidhani sasa wataniuliza. Nilikuwa nimewafungulia mlango mzima: mtu aliyeandika vile, akahukumu hivi, mwulizeni kwa nini. Wakaniuliza kwa saa tatu nzima, kaka. Kwa nini haikuwa kwenye orodha. Nani alinishauri. Je, naelewa maana ya kiapo. Je, kuna barua nyingine. Seneta mmoja aliuliza kama na lile shairi la ndama ni langu kweli, kwa sababu mimi kwa ukaidi niliorodhesha lile. Hakuna mmoja wao, wa upande wangu wala wa upande wao, aliyeuliza kama jaji anaweza kushusha mikono ya watu, na lini. Watu waliosafiri kutoka majimbo kumi na mbili kuja kulinda kura za wananchi walitumia mchana mzima kulinda fomu.

Na kosa la fomu ni langu. Hilo sitampa mtu mwingine. Lakini karatasi ya Tarver uliitia saini wewe, na hukuniambia. Kwa nini?

Rosalind


Perley Falls
8 Mei 1996

Mdogo wangu,

Umeniuliza kwa nini na sitakujibu kama mteule.

Yule Pell alikuja dukani, akasimama mbele ya fremu, akaisoma mpaka mwisho midomo ikitembea. Akamwuliza Beulah mwandishi ni nani. Beulah akanionyesha kwa kidole, nimesimama hapo na mfuko wa misumari. Akanipa mkono akasema ni heshima kukutana na mwandishi. Rosalind, hakuna aliyewahi kuniita mwandishi akiwa hajalewa. Angeniletea karatasi ya kuuza nyumba ningetia saini. Barua yake ilipokuja nikajua nimefanya nini, nikamwandikia airudishe, hakujibu. Ningekuambia siku ile ile. Lakini kukuambia kungekuwa kukubali kwamba nilidai mara ya pili, kwa saini, kitu ulichonikopesha mara moja kwa mapenzi. Nikajidanganya kwamba utatumia jibu la Ames, yatapita. Nilikuombea kwa Mungu unyamaze. Ndivyo nilivyokuwa nafanya nyuma yako na tai yangu.

Uliposema "niliiandika mimi", sikujua uso wangu ulifanya nini. Beulah aliona kwenye televisheni. Anasema nilifanana na mtu aliyevuliwa kiatu chenye mwiba.

Jumamosi nilikwenda dukani, nikawaambia wote waliokuwepo, ingawa dunia nzima ilishaona. Nikasema nitaacha kuendesha mkutano. Amos Kittredge akasema, "Kaa chini, Clovis. Tulijua tangu siku ya kwanza. Wewe hujawahi kumaliza sentensi tatu bila kutaja ng'ombe." Kumbe miaka ishirini na mitano wamekuwa wakiniheshimu kwa hisani. Sijui kama nicheke au nihame.

Kuna jingine, na hili hulijui, wala Amos halijui lote. Masika ile ya 1989, wiki mbili kabla ya hukumu yako ya Tolman Corner, Pruitt aliniletea hoja ileile kwa ajili ya mji wetu. Nyumba za magurudumu, watoto, shule, yote. Ilikuwa na saini kumi na nne, majirani watupu. Mimi ndiye niliyepaswa kuiweka kwenye ajenda. Niliikunja nikaiweka mfukoni, na nilikuwa nimeshaamua kuiweka. Sikuipenda. Lakini Pruitt ni mteja, na wengine kumi na watatu ni watu ninaokula nao maharage, na ingepita, Rosalind, ingepita kwa kelele. Halafu hukumu yako ikatoka. Nikampelekea Pruitt karatasi yake nikamwambia haiwezekani tena, mlaumuni dada yangu. Nilikutukana pale dukani wiki mbili pamoja nao. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakushukuru, na kukushukuru huko sikukuambia miaka saba.

Umenisikia sasa. Kasirika unavyotaka. Nitakuwepo.

Clovis


Montpelier
29 Mei 1996

Kaka,

Jibu lako nimelisoma mara nyingi. La karatasi ya Pruitt nimelisoma zaidi. Ningetamani ungeniambia mwaka ule, nilikuwa peke yangu sana. Lakini umeniambia.

Watu wa Rais walinipigia wiki iliyopita. Kwa upole mkubwa waliniomba niandike barua ya kujiondoa. Walikuwa wameshaniandikia, imebaki saini tu. Ilisema najiondoa "kwa sababu za kifamilia". Niliicheka mpaka karani wangu akaja kuangalia. Nikawajibu kwamba katika jambo hili lote familia yangu ndiyo iliyokaribia zaidi kusema ukweli, na kwamba nimeshachoshwa na barua zenye saini ya mtu mmoja na maneno ya mwingine. Maseneta wapige kura.

Wamepiga jana. Nane kwa kumi. Nimeanguka.

Nilidhani nitalia. Leo asubuhi nilikuwa mahakamani saa tatu kamili kama kawaida, kesi ya mpaka wa malisho, mabwana wawili wasiosalimiana tangu mwaka wa sitini na nane. Nikawauliza maswali nao wakanijibu. Huwezi kujua ni raha kiasi gani.

Kinachoniuma si kiti, au si kiti peke yake. Swali halijaulizwa. Wamenikataa bila kulijua jibu langu, na atakayekuja baada yangu atafundishwa zaidi kunyamaza, kwa mfano wangu.

Njoo Jumapili. Lete Beulah ukitaka.

Rosalind


Perley Falls, Vermont
4 Juni 1996

Kwa Seneta Hollis Tarver,

Mimi ndiye yule uliyenionyesha kwa kalamu nikiwa nimekaa nyuma ya dada yangu. Ulisema mimi ni sauti ya mwananchi ambaye majaji hawamsikilizi. Nakuandikia ili na wewe upate nafasi ya kunisikiliza, maana siku ile hukunipa.

Nilihesabu maswali yenu. Sikuwa na kazi nyingine. Baada ya dada yangu kusema barua ni yake, mlimwuliza maswali sitini na moja. Hamsini na nane yalikuwa ya fomu, mawili ya ndama, na moja kama anahitaji maji. Alikosea kwenye fomu na amelipa. Lakini nyinyi mlisema mmekwenda pale kwa ajili yetu, watu tunaopiga kura kwenye kumbi za baridi, na hamkumwuliza hata swali moja letu.

Kwa hiyo nauliza mimi. Je, mtu mmoja aruhusiwe kufuta kura ya mji mzima?

Mwaka 1971 jaji alifuta ya kwetu. Bwawa la Shadrack mpaka leo ng'ombe hawanywi, na jaji yule akifufuka nitamwambia tena. Mwaka 1989 dada yangu alifuta ya Tolman Corner. Mimi nilikuwa na hoja kama ile mfukoni, tayari kuiweka mbele ya mji wangu, kwa sababu niliwaogopa majirani zangu, ambao ni watu wazuri. Ingepita. Mimi ningetangaza matokeo kwa sauti hii hii. Hukumu yake ilinizuia. Sasa hivi shule yetu ina watoto kumi na mmoja kutoka nyumba za magurudumu, nimewahesabu wakishuka kwenye basi, na kila nikiwaona naona aibu, na nafurahi kwamba ni aibu tu.

Hilo ndilo ninalolijua. Siwezi kukupa kanuni, mimi ni fundi. Kuna siku watu wengi wanahitaji kulindwa dhidi ya jaji mmoja asiwakosee, na kuna siku mtu mmoja anahitaji kulindwa na jaji tusimkosee sisi. Anayekaa kwenye kiti kile anapaswa kuzijua siku hizo mbili. Mlikuwa na mtu anayezijua, aliyewahi kusimama pande zote mbili, amekaa mbele yenu kwa saa tatu akiwa tayari kujibu. Mkamwuliza kuhusu kipengele cha kumi na mbili.

Nina hasira na wewe, Seneta, na nina hasira nami mwenyewe, na barua hii nimeiandika bila msaada wa mtu yeyote, kama unavyoona. Imenichukua siku nne. Nataka unijibu swali nililouliza. Usimpe Bwana Pell. Kaa mezani, uandike mwenyewe, halafu utie saini kwenye maneno yako.

Clovis Gagnier
Fundi wa mashine za kukamulia